Mche wa Bati

Bati safi ukilipinda hulia.
Si mlio wa nyundo, wala wa bakuli lililoanguka;
ni kilio kidogo, cha ndani,
kama mtu anakanyaga mabua makavu chumba cha pili.
Risasi ukiipinda hunyamaza.
Hiyo ndiyo shule yangu yote. Mengine ni moshi.

Nilizaliwa Isevya, nyuma ya reli,
baba akilehemu koroboi kwa makopo ya maziwa.
Kaka zangu walikwenda kusoma,
wakapata kazi karakana ya treni,
wakanicheka: mwanamke na chuma cha moto!
Nikavuta mvukuto.
Baba alipofariki aliacha faneli kumi na mbili
za warina asali wa Sikonge,
mishono haijafungwa.
Nikaifunga. Wenyewe walipokuja wakauliza fundi yuko wapi.
Nikawaambia, lipeni kwanza.

Mwaka ule mvua zilipong'oa daraja,
Sista Skolastika aliniletea kikombe
cheupe, kizito, cha babu wa mtu wa Ulaya,
mkono umetoka.
Kazi ya dakika tano, nilisema.
Nikapasha chuma kama ninavyopasha kwa debe,
nikagusa,
na kikombe kikakaa chini.
Kikakaa kama mgeni aliyeambiwa karibu,
kikawa dimbwi juu ya meza,
linang'aa, halina aibu hata kidogo.

Siku tatu nilipita njia za uani nisikutane na kanzu nyeupe.
Siku ya nne nikachimba udongo wa kichuguu,
nikauchekecha kwa kitenge kilichochakaa,
nikafinyanga kalibu.
Cha kwanza kilitoka na vitundu kama ulimi wa mwenye homa.
Cha pili kiliukataa mkono.
Cha saba nilikipeleka.
Sista akakigeuza, akakigeuza tena:
"Hiki si kile."
"Ndiyo, Sista. Kile kilivunjika."
Akakinywea chai mpaka alipohamishwa.

Basi nikaacha koroboi,
au koroboi ziliniacha, sijui nani alitangulia;
taa za jua zilikwisha kufika hata huko Uyui vijijini.
Nikamimina vijiko, vikombe, sahani za mahari,
na kidani cha nyuki
mwenye mbawa zilizochorwa kwa sindano ya gunia.
Bati lilitoka Karagwe ndani ya soksi,
chini ya kiti cha dereva wa lori.
Shaba kidogo niliichuna kwenye nyaya za umeme zilizokufa.
Risasi sikutia. Mtu atakunywa humo.
Wenzangu walitia, wakajenga nyumba.
Mimi nina banda, na usingizi.

Mwezi uliopita Feruzi kaleta mche mpya.
"Safi, Mama Nyamizi, naapa kwa macho yangu haya."
Nikaupinda karibu na sikio.
Kimya.
Nikamsukumia. Akaapa tena, safari hii kwa mama yake.
Mjukuu wangu Mwashi akauokota,
akaupinda taratibu, akanitazama
kwa huruma ambayo sikuipenda:
"Bibi, unalia."
Nikajipapasa shavu. Kavu.
Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anausema mche.

Miaka arobaini na moja ya nyundo,
na nyundo nayo hukusanya ushuru wake.
Sikujua ilianza lini kunikata.
Labda siku zile nilizodhani jirani ameuza jogoo wake.

Feruzi alikuwa anatafuta kofia yake aondoke.
Nikamwambia, ngoja.
Nikauweka mche katikati ya meno,
ya kulia, ambayo bado ni yangu,
nikaukunja kwa mikono miwili.
Kikapita kwenye taya, kikapanda hadi utosini,
hafifu, kikavu, mabua yaleyale,
chumba cha pili.

Nikamlipa Feruzi hadi senti ya mwisho.
Kisha nikamwita Mwashi asogee kwenye mwanga.
"Haya, fungua mdomo. Usiume kwa nguvu."